Mwaka Niliowatafuta Wasomaji wa Sindano

"Muziki unasikilizwa, Diploma, hausomwi." Ambakisye aliniambia hivyo mbele ya watu, na watu wakacheka. Alikuwa karani wa boma na mkubwa wa klabu ya dansi ya Mbeya, kwa hiyo alilolisema lilirudiwa mjini kabla jua halijazama. Kinyozi akasema sitafika toleo la pili. Fundi cherehani akasema gazeti langu la muziki litafaa kufungia karanga. Wote kwa pamoja walisema sitapata karatasi, nikipata karatasi sitapata mchapaji, na nikipata mchapaji sitapata msomaji. La karatasi na la mchapaji niliwaumbua mapema. La msomaji ndilo lililonichukua mwaka mzima, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa, kwa sababu wiki iliyopita nilimzika msomaji wangu wa kwanza.

Tulimzika Iyunga, karibu na nyumba aliyoijenga mwenyewe. Nyimbo za kanisani zilipokwisha, wajukuu wake wakaimba wimbo mmoja wa Kibemba, lugha ambayo hakuna hata mmoja wao anayeijua. Walipofika katikati walilirudia neno moja tena na tena, wamekwama hapohapo kama sindano ya gramafoni iliyoingia kwenye mkwaruzo, kisha wakaruka na kuendelea mpaka mwisho. Mchungaji alitabasamu, nadhani aliona ni mbwembwe za vijana. Mimi nilitazama udongo. Ukimwacha binti yake, kati ya wote waliosimama pale nilikuwa nimebaki peke yangu ninayejua wimbo ule unasema nini na kwa nini unakwama.

Nilirudi Mbeya kutoka Ndola mvua zikianza, katikati ya miaka ya hamsini. Sikupelekwa kusoma na misheni wala na serikali. Nilikwenda kwa miguu yangu, nikaanza kwa kufagia sakafu ya kiwanda cha uchapaji, nikajifunza kupanga herufi za risasi kwa kuwaangalia wenzangu, na usiku nikasoma kwa njia ya posta mpaka nikapata diploma ya uchapaji na uhariri. Nasema haya kwa sauti kwa sababu wakati ule hayakusemwa na mtu mwingine. Katika mtaa wetu hapakuwa na diploma nyingine. Niliitia kwenye fremu, nikaitundika ukutani katika chumba nilichopanga kwa Bi Zuhura, mjane wa mfanyabiashara wa Bagamoyo aliyeletwa Mbeya na mumewe akiwa bibi harusi na ambaye, baada ya miaka yote ile, hakuwa bado amepatana na baridi yetu. Alivaa sweta mbili chini ya buibui. Aliita ukungu wa asubuhi "moshi wa maji". Aliuza vitumbua barazani, na chumba changu, kilichopakana na jiko lake, kilinukia iliki na mkaa kuanzia alfajiri. Ndani kulikuwa na kitanda cha kamba, meza, sanduku la bati, na juu ya sanduku gramafoni yangu ya kuzungusha kwa mkono. Kila asubuhi Bi Zuhura aliifuta vumbi ile diploma kabla hajafuta meza. "Hii ndiyo inayolipa kodi," alikuwa akisema, ingawa nilikuwa bado sijalipa.

Katika masomo yangu swali la kwanza kabisa lilikuwa hili: msomaji wako ni nani? Tulifundishwa kumchora mtu huyo mpaka tujue anavaa nini na anakula nini, kisha kumwandikia yeye tu. Mimi nilimchora kwa dakika chache na nikambandika ukutani chini ya diploma. Niliandika kwamba msomaji wa Sindano, maana hilo ndilo jina nililolipa gazeti langu la santuri, ni mwanamume wa mjini mwenye kazi ya kalamu, ana suti, ana gramafoni, na Jumamosi anacheza dansi. Sikutambua kwamba nilikuwa nimemchora Ambakisye. Kwa msomaji huyo nikaandika habari za bendi za Ndola, mitindo mipya ya kucheza, na namna ya kuchagua sindano isiyokwangua sahani. Nikapanda basi mpaka Iringa, kwa mchapaji mmoja wa Kigoa aliyeitwa Bwana Fonseka, mwenye mashine ya kukanyaga kwa mguu. Nililala kwenye karakana yake juu ya marobota ya karatasi, nikala mkate na chai yake nyeusi yenye pilipili manga, na nikapanga kila herufi ya toleo lile kwa vidole vyangu mwenyewe. Bwana Fonseka, ambaye hakuwa mtu wa kusifu, aliangalia ukurasa wa kwanza kwenye mwanga, akaguna. Mpaka leo mguno ule nauhesabu kuwa ni sifa.

Niliporudi Mbeya, Ambakisye alinunua nakala moja. Nilifurahi mpaka nilipokwenda kunyoa. Kinyozi alikuwa na kichwa cha mtu mikononi na wengine wanangoja kwenye benchi, na hakuna aliyeona kwamba nimesimama mlangoni.

"Sindano umeisoma?"

"Nimeisoma ya Ambakisye."

"Na wewe?"

"Mimi nangoja huyu amalize hiyo ya Ambakisye."

"Ina nini humo?"

"Anatufundisha kucheza." Wakacheka wote. "Mtu ametukuta uwanjani tumeloa jasho, anatuletea karatasi kutuambia mguu unawekwa wapi!"

Nilirudi nyumbani bila kunyoa. Rundo la nakala lilisimama pembeni mwa chumba likiniangalia. Klabu nzima ilikuwa imenisoma kwa nakala moja, na wala haikuwa na haja ya nilichoandika. Nikiwa mzee sasa, ninaponyoosha kazi za vijana wanaotaka kuanzisha magazeti, huwaambia waende wakasikilize kwa kinyozi kwanza. Lakini wakati ule nilikuwa kijana mwenye fremu ukutani, na kile kicheko kiliniuma kuliko njaa. Bi Zuhura aliniletea bakuli la maharage na viazi, akaketi mlangoni mpaka nilipomaliza. Alisema tu kwamba mvua ya mwaka huu ina sindano kuliko gazeti langu.

Katika mvua hiyohiyo ndipo alipokuja Mama Tumpale. Alikuwa mwanamke mrefu, wa rika langu, mkulima wa Iyunga aliyezoea kuleta ndizi sokoni. Alikuwa amebeba kitu kifuani kama mtu anavyobeba mtoto mgonjwa. Alipokifungua, ndani ya kanga kulikuwa na foronya, na ndani ya foronya sahani moja ya santuri.

"Wanasema wewe ndiye Diploma."

"Ndiye mimi. Karibu, mama."

"Wanasema umekaa kusini na lugha zao unazijua."

"Kibemba, Kinyanja, na kidogo za wengine."

"Ndaga, asante, baba. Basi nisomee hii."

Nikacheka kidogo. "Sahani haisomwi, mama, inasikilizwa." Maneno yakanitoka kinywani, nikayatambua. Yalikuwa ya Ambakisye.

"Kuisikiliza nimeisikiliza mpaka nimechoka," akasema. "Nataka kusomewa."

Mumewe, Angetile, alikwenda kwenye migodi ya kusini Tumpale akiwa bado mgongoni. Mwanzoni alituma salamu kwa watu waliorudi. Kisha mtu mmoja akaleta gramafoni na sahani hii, akasema imetoka kwa Angetile, na baada ya hapo hakuja mtu mwingine. Hakukuwa na salamu wala habari, mwaka ukapita na mwingine ukafuata. Sasa ndugu za mume walikuwa wamekaa kikao. Kama ndugu yao amekufa, mkewe arithiwe na mdogo wake kama ilivyo desturi. Kama hataki kurithiwa, ng'ombe wa mahari warudi, na mtoto abaki kwao. Mama Tumpale aliwajibu kwamba mumewe hajanyamaza. Amemletea neno, liko ndani ya sahani, na mpaka lifasiriwe hakuna mwenye ruhusa ya kumwita mjane. Wazee walilipima jambo hilo na wakaona lina haki. Wakampa muda mpaka baada ya mavuno.

Nilizungusha mkono wa gramafoni, nikaiweka sindano. Gitaa likaanza, na sauti ya mwanamume mchangamfu. Katikati sahani ilikuwa na mkwaruzo. Sindano ikaingia humo na neno moja likajirudia, likajirudia. Nilinyoosha mkono kuisukuma. "Iache," akasema Mama Tumpale, "itaruka yenyewe." Alikuwa akitingisha kichwa akihesabu, na kweli ikaruka pale alipojua itaruka. Nikaisikiliza yote tena kutoka mwanzo, nikiandika. Kisha nikamsomea, nikiwa nimemkazia macho paka wa Bi Zuhura aliyelala mlangoni ili nisimwangalie yeye. Mtu ana baiskeli. Baiskeli yake haina kengele. Breki nazo hazishiki. Anashuka mteremko, anapiga kelele: tokeni njiani, tokeni njiani, nakuja.

"Na nini tena?"

"Basi. Anarudia."

"Hakuna mahali anaposema nyumbani?"

"Hakuna, mama."

"Tumpale hamo?"

"Hamo."

Maji ya mvua yalikuwa yakidondoka kutoka kwenye kanga yake hadi sakafuni kwangu. Kisha akacheka, kicheko kifupi, akajifuta uso kwa kiganja. "Basi siku aliyoinunua alikuwa anacheka," akasema. Alisimama kuondoka na sahani akaiacha mezani. Nilipomwita, aliniambia kutoka mlangoni kwamba sitaki kumwelewa. Akirudi nayo nyumbani, watauliza imesema nini. Ikibaki kwangu, itakuwa bado inafasiriwa.

Bi Zuhura alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. "Ungemwongezea neno moja, mwanangu. Nyumbani. Neno moja tu, lingekuvunja mkono?"

"Halimo, Bi Zuhura."

"Najua halimo," akasema, akaenda kuchochea mkaa wake.

Jioni ile nilikibandua kile kijikaratasi cha ukutani. Diploma ilikuwa imeniuliza swali sahihi, jibu ndilo nililoliokota barabarani. Wanaume walikuwa wakirudi kutoka kusini, au wakiwatuma wenzao, na gramafoni na sahani zilizoimbwa kwa lugha za huko. Sahani hizo zilikuwa katika nyumba za udongo kuanzia Mbeya mpaka Iringa, zikichezwa kila siku na wake, mama na baba ambao hawakuelewa hata neno moja. Watu wangu hawakuwa wachezaji dansi. Walikuwa wale waliobaki nyumbani, kila mmoja na sahani yake moja, na aliyeileta hayupo. Nao walikuwa tayari kumlipa mtu atakayewaambia inasema nini, na kati ya Tunduma na Iringa mtu huyo nilikuwa mimi.

Nikaanza kuwafuata. Nilisimama kwenye vituo vya mabasi, milango ya makanisa na baraza za misikiti, nikisema: niazime sahani yako, utaikuta imeandikwa kwa Kiswahili. Mwanzoni walinicheka. Kisha habari za Mama Tumpale zikatembea, si habari za wimbo, kwa maana hilo tulilificha, bali habari kwamba yule wa Mbeya haongezi. Mganga angeongeza, ndugu wa mume angeongeza, hata mchungaji angeongeza kidogo kwa huruma. Diploma haongezi. Sahani zikaja. Wake za wapasua mbao wa Mafinga walinitumia zao kwa basi ndani ya sanduku lililojaa unga wa msumeno, na chumba kikanukia misonobari juu ya iliki. Iringa, mama mmoja Mlutheri alinisalimia "Kamwene" kwa heshima zote, akanipa sahani ambayo mwanawe alimletea na ambayo alikuwa akiwapigia akina mama wa kanisa kabla ya maombi. Ilikuwa inasifu pombe ya mtama. Nilimweleza. Alifikiri sana, akasema nikimrudishia ataendelea kuipiga, kwa kuwa sauti ya kinanda ni nzuri na Mungu naye anajua mwanawe hanywi. Mzee mmoja wa Kisangu alitembea kutoka upande wa Madibira akiwa na nusu ya sahani, imevunjika kama mwezi mchanga. "Nisomee upande uliobaki," akasema. Nilimwambia haiwezekani. Alikaa barazani kwa Bi Zuhura akala vitumbua, akarudi na nusu yake. Mzee yule huwa namkumbuka nikiwa peke yangu.

Toleo la pili lilikuwa nyimbo tupu: jina la mji wa mwenye sahani, maneno ya wimbo kama yalivyo, na Kiswahili chake pembeni. Wimbo wa baiskeli sikuuweka. Nakala zilikwisha kabla basi halijafika Mbeya. Makondakta waliziuza njiani. Walinunua hata wasiojua kusoma, kwa sababu kila nyumba ilikuwa na mtu aliyejifunza kusoma kwenye katekisimu. Ambakisye alinisimamisha mbele ya posta.

"Nasikia umeuza. Nani anakununulia, Diploma?"

"Mkeo," nikamwambia. "Juzi. Akachukua na ya dada yake."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, ni yeye aliyenipisha njia. Nimeishi miaka mingi na nimepata heshima kubwa kuliko ile, lakini sijapata iliyokuwa tamu kama ile.

Mdogo wake Angetile alikuja mwezi wa baridi ulipoanza. Alikuwa mtu mpole, amevaa koti la jeshi. "Wewe ndiye uliyeshika neno la kaka yetu?" Nikasema ndiye. "Linasemaje?" Nikasema bado nalishughulikia. "Mavuno yamekwisha," akasema. Nikamjibu kwamba Kibemba ni kigumu. Mimi, ambaye nilikuwa nikiota kwa Kibemba! Aliangalia diploma, akaangalia sanduku la sahani, akaaga kwa adabu.

Wenyeji wanajua Mbeya inavyokuwa mwezi wa saba. Ukungu hauondoki, nguo zinakaa kambani bila kukauka, na mkate unaota ukungu wake wa ndani. Nilikuwa Iringa kwa Bwana Fonseka nikipanga toleo la tatu. Sahani zote nilizoazimwa nilikuwa nimezimaliza kuandika, zimo ndani ya sanduku la mbao chini ya dirisha, zinangoja nirudi nizigawe. Bi Zuhura aliingia kufuta diploma akakuta karatasi za lebo zimeanza kuota weupe wa unyevu. Aliogopa. Amana za watu zinaharibika, na mwenyewe sipo. Akafanya alichokifanya kwa kila kitu alichokipenda tangu alipofika Mbeya: alizipasha moto. Aliwasha seredani, akaiweka karibu na sanduku, akafunga dirisha, akaacha mlango wazi kidogo, na mchana kutwa akawa anakuja kuongeza mkaa. Alifanya hivyo kwa siku zote nilizokuwa safarini.

Nilipofungua sanduku, sahani zilikuwa zimejikunja. Nyingine zilikuwa na mawimbi, nyingine zimebonyea katikati kama bakuli. Nilijaribu moja kwenye gramafoni. Sindano ilipanda na kushuka, na mwimbaji akaomboleza kama mtu anayeota ndoto mbaya, kisha sindano ikatupwa nje. Bi Zuhura alikuwa amesimama nyuma yangu na mkono mdomoni.

"Nilidhani nazo zinasikia baridi," akasema.

Sikumfokea. Ningemfokea vipi? Tuliketi wawili sakafuni, tukazipanga juu ya meza na kuzilalia mawe, na pasi, na kamusi yangu, na hazikunyooka. Ya Mama Tumpale ilikuwa imejikunja pembeni kama jani la mgomba lililopitiwa na moto.

Nilikwenda kwa kila mmoja. Wengine wangetuma barua. Mimi nilikwenda, mlango kwa mlango, Mafinga, Iringa, na vijiji vya kandokando ya barabara, nikasema kwa kinywa changu: sahani yako imeharibika ikiwa mikononi mwangu, nitakulipa sahani kwa sahani, wimbo uleule. Wapo walionitukana, wapo waliolia. Yule mama Mlutheri aliniandalia ugali na akaomba dua ndefu kuliko yote niliyowahi kuombewa, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko matusi. Mbeya, wale walionicheka walifurahi. Ambakisye alipita barazani akaniuliza sasa nitaandika nini, labda mapishi ya sahani. Mama Tumpale aliuliza jambo moja tu.

"Ipo bado?"

"Ipo, lakini haiimbi."

"Basi iache hapohapo."

Nikaifunga Sindano, nikapanda lori mpaka Tunduma, nikavuka, nikarudi Ndola kwenye kiwanda kilekile nilichokiaga kwa kiburi, nikaomba kazi. Sakafu nilifagia tena, na diploma yangu imetundikwa ukutani kwa Bi Zuhura. Jumapili nilizunguka maduka. Majina ya nyimbo nyingi sikuyajua, lebo zilikuwa zimefutika, lakini maneno yote nilikuwa nayo kwa sababu niliyaandika. Basi nikawa naimba. Nilisimama mbele ya Wahindi na Wayahudi wenye maduka nikaimba wimbo mmoja baada ya mwingine, na wao wakapekua makabati yao. Nina sauti mbaya sana. Siku nyingine watu walikusanyika kunicheka, na mara nyingi ni hao waliocheka walionijulisha wimbo unapatikana duka gani.

Siku niliyouimba wimbo wa baiskeli, mzee mmoja aliyekuwa akinunua sabuni aligeuka. Alikuwa mtu wa Rungwe, mpishi katika kambi ya wachimbaji.

"Huo wimbo wa Bila Kengele," akasema.

"Nani huyo?"

"Si Angetile! Alikuwa na baiskeli kuukuu, haina kengele, haina breki. Kila asubuhi anateremka mlima wa kambi anapiga kelele watu wamtokee njiani. Wimbo ulipotoka, kambi nzima tukasema umetungwa kwa ajili yake. Alicheka mpaka akakaa chini. Akanunua sahani, akampa mtu ampelekee mkewe, akasema, huyu ataniona mimi humu."

Nilimuuliza yuko wapi. Mzee akaweka sabuni mfukoni, akanichukua kwa mkono kama mtoto, tukatembea mpaka nyuma ya kambi. Mwamba ulianguka chini mgodini, haukupita muda mrefu baada ya ile sahani kuondoka. Taarifa ilitumwa, akasema, na haikujulikana ilipotelea wapi. Juu ya kaburi palikuwa na kibati chenye namba, hakuna jina. Nilisimama pale na sahani mpya kwapani. Mimi ndiye niliyemwambia mkewe kwamba hakuna kitu humo, na kila neno nililomsomea lilikuwa sahihi.

Nilirudi na sanduku langu mvua zikianza tena. Nilianzia Iringa, nikaja Mafinga, nikashuka kila mahali niliposhuka mara ya kwanza. Kila nyumba niliipa sahani yake, nikasubiri waipige nikiwapo, wakubali kwa mdomo kwamba ni yenyewe, ndipo nikaondoka. Mama Mlutheri aliiweka sahani yake ya pombe ya mtama na wanakwaya wakapiga makofi. Kwa yule mzee wa Madibira sikuwa na deni, lakini nilikuwa nimemtafutia wimbo wowote mzima, nikaambiwa ametangulia mbele ya haki. Mbeya nililala usiku mmoja kwa Bi Zuhura, ambaye alinishika uso kwa mikono miwili na kusema nimekonda, na asubuhi nikaenda Iyunga, kwa mdai wa mwisho, na sahani mbili ndani ya foronya ile ile.

Nilimweleza kwanza habari za mwamba na kaburi. Hakupiga yowe. Aliketi kwenye kigoda, akaniambia niendelee, na nikaendelea mpaka baiskeli, mlima wa kambi, jina la Bila Kengele, na maneno aliyoyasema Angetile siku ile. Hapo akajifunika uso kwa kanga, mabega yakamtikisika muda mrefu, na sikuweza kujua kama analia au anacheka, na nadhani hata yeye hakujua.

Nikaiweka sahani mpya kwenye gramafoni yake. Gitaa likaanza, na ile sauti changamfu. Tumpale, ambaye sasa alikuwa msichana wa kutumwa dukani, alikuja akasimama karibu na mama yake. Wimbo ulipokaribia katikati niliwaona wote wawili wanaanza kutingisha kichwa, wanahesabu, wanangoja. Wimbo ukapita. Ukaenda moja kwa moja mpaka mwisho.

"Si yenyewe," akasema Mama Tumpale. "Hii haikwami."

Akaitoa, akanirudishia kwa mikono miwili kama zawadi. Kisha akaichukua ile iliyojikunja, akaiangalia kwenye mwanga wa mlango, na akamwambia Tumpale alete msumari wa kuitundika ukutani. Deni langu, alisema, limekwisha.

Nilikuwa bado nimekaa pale shemeji yake alipobisha hodi, na koti lake la jeshi. Alikuwa amesikia kwamba nimerudi. Mama Tumpale alimweleza habari za kaburi, naye akampa pole, akakaa, na baada ya muda unaostahili akauliza kama lile neno la kaka yake limefasiriwa.

"Limefasiriwa," akasema Mama Tumpale.

"Linasemaje?"

"Linasema tokeni njiani."

Yule bwana aligeuka akanitazama mimi. Nikamwambia ndiyo, ndivyo linavyosema, na sikuongeza neno. Alivaa kofia yake, akatoka. Hakurudi na habari ya kurithi, wala ng'ombe hawakudaiwa tena.

Nilirudi Mbeya kwa miguu nikiwa sidaiwi na mtu yeyote kati ya Iringa na Iyunga, na kinyozi aliponiona aliacha kichwa cha mteja akatoka nje kunipa mkono. Sahani mpya aliyonirudishia Mama Tumpale ninayo hadi leo. Juzi, baada ya mazishi, niliipiga. Inaimba vizuri sana, mwanzo mpaka mwisho, na haikwami popote.